Aliyekukalia kifuani: jibu kwa mlinzi wa Mbagala

Swali limetoka kwa kijana wa miaka 29, mlinzi wa usiku, anakaa Mbagala. Nimelifupisha kidogo: "Dokta, toka mwezi wa tatu nakabwa. Natoka lindo, saa 1 na nusu asubuhi nishalala, muda kidogo tu macho yanafunguka naona chumba chote, pazia, feni, viatu vyangu, ila siwezi kuinua hata kidole wala kuita. Alafu kuna mtu mweusi anasimama mlangoni, anakuja ananikalia kifuani, pumzi inakata. Nimeenda kwa mganga nimetoa laki mbili na kuku, kaniambia ni mtu wa ukoo, shangazi yangu. Sahivi shangazi hatusalimiani. Mke wangu anasema hayo mambo ni ya hospitali. Je ni kweli ni ubongo? Naweza kufa? Na mke wangu akiniona niko vile afanye nini?"

Mdogo wangu pole sana. Nianze na la kufa maana najua ndo linalokunyima raha: hufi. Pumzi haikatiki, inakuwa fupi tu, ntakueleza kwanini. La ubongo jibu ni ndiyo, na kwa bahati nzuri hili ni moja ya mambo tunayoyaelewa vizuri kuliko mengi, tunajua sehemu gani ya ubongo inafanya nini na kwa kemikali gani, na kuna watu walishatengeneza hiyo hali maabara bila mchawi kuwepo, ntafika huko. La shangazi nimelisogeza mbele kidogo ila usidhani nimelidharau, kwangu mimi ndo kubwa kuliko yote uliyoandika.

Kwanza jina lake. Hiyo hali ni jinamizi. Siku hizi neno limetanuka, mtu akiota ndoto mbaya yoyote anasema jinamizi, wanasiasa nao wana "jinamizi la rushwa", lakini bibi zetu wakisema fulani kakabwa na jinamizi walimaanisha hiyo hiyo yako: macho yako wazi, mwili umekufa ganzi, uzito kifuani. Kitaalamu tunaita kupooza usingizini. Na hauko peke yako hata kidogo, mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani walikusanya tafiti 35 zilizokuwa na watu zaidi ya 36,000 kwa jumla, wakakuta karibu watu 8 katika kila 100 wameshakabwa angalau mara moja maishani. Ila walipoangalia wanafunzi peke yao ikaruka mpaka 28 katika 100. Sasa jiulize wanafunzi wana nini, wamerogwa na nani wote hao? Wanafunzi hawalali vizuri, basi. Hilo lishike, tutalirudia.

Mimi mwenyewe ni mmoja wa hao 28. Mwaka wa pili chuo, mtihani wa anatomia, nilikuwa nimekesha siku tatu mfululizo nalala saa 10 alfajiri naamka saa 1. Tulikuwa tunalala kwenye dabodeka, mi niko kitanda cha juu. Siku ya nne alfajiri macho yakafunguka, naona chandarua, naona mwanga wa korido unapita chini ya mlango, vizuri kabisa. Alafu nikasikia mtu anapanda ngazi ya kitanda. Kwe. Kwe. Kwe. Taratibu, kama ana uzito. Godoro likabonyea miguuni. Nikataka kumwita jamaa wa chini, sauti ikatoka kama mgumio tu wa puani. Sijui ilikuwa sekunde kumi au dakika moja, jamaa akasikia ule mgumio akainuka akanivuta kidole gumba cha mguu na hapo hapo kila kitu kikaachia. Nilitetemeka mpaka asubuhi. Ilinichukua siku mbili kukumbuka kitu kimoja: kile kitanda hakikuwa na ngazi. Ilishavunjika muhula wa kwanza, tulikuwa tunapanda kwa kukanyaga chuma cha kitanda cha chini. Nilisikia, tena kwa masikio haya haya, mtu anapanda ngazi ambayo haipo.

Toka siku ile swali langu likawa siyo tena "alikuwa nani", likawa "ile ngazi nilijengewa na nani", na kwakweli ndo lililonifikisha kwenye hii kazi.

Sasa twende ndani ya kichwa. Usingizi siyo kitu kimoja. Ukilala unashuka kwanza kwenye usingizi mzito, alafu baada ya dakika kama 90 unapanda kwenye usingizi wa aina nyingine kabisa, usingizi wa ndoto. Unarudia hiyo mizunguko mara nne tano kwa usiku na jinsi asubuhi inavyokaribia ndo muda wa ndoto unavyokuwa mrefu. Huu usingizi wa ndoto uligunduliwa Chicago, ripoti ikatoka mwaka 1953, na mwanafunzi mmoja anaitwa Eugene Aserinsky pamoja na mwalimu wake Nathaniel Kleitman. Aserinsky alikuwa hana hela, akafufua mashine kuukuu ya kupima umeme wa ubongo, akambandika waya mtoto wake mwenyewe wa kiume, miaka minane, akakaa usiku kucha anaangalia kalamu zinachora. Ikafika wakati kalamu za macho zikaanza kurukaruka akajua mtoto kaamka. Kwenda kumwangalia, mtoto kalala fofofo. Macho yanakimbia huku na huku chini ya kope, ubongo unachora kama wa mtu aliye macho, na mwenyewe hana habari.

Ila kuna mstari mwingine kwenye ile karatasi ambao mimi ndo naupenda, na kwako ndo wenye kesi. Tunapompima mtu usingizi tunabandika waya kidevuni pia, kupima misuli. Mtu akiwa macho huo mstari umejaa vinyweleo kama kamba ya katani. Akilala unapungua. Akiingia usingizi wa ndoto, unalala chini tambarare, kama umechorwa kwa rula. Misuli imezimwa. Ukikaa mbele ya skrini ukaona macho yanaruka, ubongo unawaka, alafu kidevu kimya kabisa, unajua huyu sasa hivi yuko ndotoni anakimbizwa na ng'ombe na mwili wake hauna taarifa.

Na haijazimika kwa bahati mbaya, imezimwa makusudi. Chini kabisa ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo, kuna shina la ubongo, na ndani yake kuna kikundi kidogo cha seli ambazo ndoto ikianza zinatuma amri kushuka chini mpaka kwenye seli za uti wa mgongo zinazosukuma misuli: tulieni. Amri inabebwa na kemikali mbili, gaba na glaisini. Watafiti wa Toronto mwaka 2012 walijaribu kwa panya, wakagundua ukizuia njia moja ya kupokea hizo kemikali, nyingine bado inashikilia, mpaka uzizuie zote ndo misuli ya taya ya panya inaamka usingizini. Yani mlango una komeo na kufuli. Mwili umelichukulia hilo jambo kwa uzito sana.

Kwanini? Mfaransa mmoja, Michel Jouvet, alikuwa na maabara yake Lyon, yeye aliharibu kale kasehemu kwenye shina la ubongo la paka. Paka akilala, ndoto ikimwanza anainuka, kalala hivyo hivyo, ananyatia, anarukia panya asiyekuwepo, anapiga makucha hewani, anakunja mgongo kama kaona mbwa. Paka alikuwa anaigiza ndoto yake. Fikiria na wewe, mlinzi, unaota unapambana na mwizi, pembeni kalala mke wako. Lile komeo ndo linamlinda.

Kwahiyo kila siku, mdogo wangu, toka umezaliwa, unapooza mara nne tano na hujui kwasababu fahamu nayo imelala. Kawaida vitu vyote vinazimika pamoja na kuwaka pamoja. Siku ya jinamizi vimepishana: fahamu imeamka, macho yamefunguka, ila komeo la misuli bado limefungwa na mashine ya ndoto bado inazunguka. Ni kama umeme umerudi nyumba nzima kasoro chumba kimoja. Shida yote ni hiyo, sekunde chache mpaka dakika mbili tatu, alafu linafunguka lenyewe. Hakuna aliyebaki humo.

Kuhusu pumzi: komeo halifungi kila kitu. Misuli ya macho imeachwa, ndo maana ulikuwa unaweza kuangalia pazia na feni. Kiwambo nacho kimeachwa, ule msuli mpana ulio kati ya mapafu na tumbo ambao ndo unaovuta hewa. Lakini misuli ya katikati ya mbavu, ile inayokusaidia ukitaka kuvuta pumzi ndefu kwa makusudi, hiyo imelegea. Sasa we umeshtuka, unataka pumzi kubwa, unaamrisha mbavu zipanuke hazipanuki. Unahisi nini? Unahisi kuna kitu kizito juu ya kifua. Hewa inaingia ya kutosha, mtu aliyelala hahitaji zaidi, ila wewe unataka ya mtu anayekimbia. Uzito wa yule mtu unaanzia hapo.

Tuje kwa mtu mwenyewe sasa. Kuna vitu viwili vinakutana. Kwanza ndani ya ubongo kuna kakokwa kadogo kwa kila upande, amigdala, kazi yake ni kunusa hatari. Mwaka 1996 watafiti wa Liège, Ubelgiji, walipiga picha ubongo wa watu walio kwenye usingizi wa ndoto wakaona amigdala inawaka kweli kweli, huku sehemu za mbele za ubongo, zile za kupima mambo na kusema "hebu subiri kwanza", zimefifia. Unaamka na king'ora kinalia na bosi hayupo ofisini. Kitenge kilichotundikwa nyuma ya mlango hakina nafasi ya kubaki kitenge. We mwenyewe ni mlinzi, unajua saa 9 usiku kivuli cha mkungu wa ndizi kinavyokuwa mtu, na hapo una tochi na akili timamu.

Cha pili ndo kitamu, na hapa naomba usome polepole. Jaribu kujitekenya. Huwezi. Mtu mwingine akikutekenya unaruka, ukijitekenya mwenyewe hamna kitu, vidole ni vile vile, kwapa ni lile lile. Sarah-Jayne Blakemore na wenzake huko London walilipima hili ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo, 1998, na sababu ni kwamba kila ubongo ukituma amri kwa msuli unabaki na nakala, na kwa ile nakala unatabiri mapema mwili utahisi nini. Kinachokuja kama kilivyotabiriwa, ubongo unasema huyu ni mimi, unakipuuza. Kisichofanana na nakala, ubongo unasema huyu siyo mimi. Ndo hivyo tunavyojua mwisho wa mwili wetu na mwanzo wa dunia, siyo kwa macho tu, ni kwa hesabu hiyo inayopigwa kila nukta. Umeshawahi kushuka ngazi gizani ukadhani bado imebaki moja kumbe imeisha, mguu ukapiga sakafu moyo ukaruka? Hiyo ni nakala na ukweli vimepishana, kwa hatua moja tu.

Sasa ukiwa umekabwa unatuma amri mia. Inuka! Piga kelele! Sukuma! Nakala zinabaki ubongoni, zinatabiri mkono utapanda, kichwa kitageuka, na hakuna jibu linalorudi. Ubongo una ramani ya mwili unaojitahidi kuinuka na una mwili uliolala chali haujatikisika. Miili miwili. Na hesabu ya "huyu ni mimi" imegoma. Basi unafanya kitu ambacho ukikifikiria ni cha akili tu, unampa ule mwili wa pili mtu mwingine.

Hii picha ya miili miwili ni maelezo ambayo baadhi ya wataalamu, na mimi nikiwemo, tunaona ndo yanayokaa vizuri zaidi, lakini kuna tukio moja lililotokea Geneva, Uswisi, ambalo mimi kila nikilisimulia nywele zinanisimama. Liliandikwa mwaka 2006 na kina Olaf Blanke. Binti wa miaka 22 alikuwa anachunguzwa kwa ajili ya operesheni ya kifafa, yuko macho, madaktari wanapitisha umeme kidogo sehemu mbalimbali za ubongo wake kuona kila sehemu inafanya nini. Walipogusa sehemu moja upande wa kushoto, juu kidogo nyuma ya sikio, pale zinapokutana hesabu za mwili na za hisia, binti akasema kuna mtu nyuma yangu. Kijana, kivuli tu, haongei, hasogei. Binti kalala chali, kivuli nacho kimelala chini yake vile vile. Wakamwambia kaa, kumbata magoti, kivuli kikakaa, na kikamkumbatia yeye kwa nyuma, akasema hapendi. Wakampa kadi asome, akasema huyu anataka kuninyang'anya kadi, hataki nisome. Wakizima umeme hayupo, wakiwasha kaja. Na kile kivuli kila mkao aliokaa yeye nacho kilikaa hivyo hivyo, ila binti mwenyewe hakugundua kwamba ule ni mwili wake. Alikuwa ni yeye.

Kwahiyo uliniuliza kwa maneno mengi ni nani anayekukalia. Jibu langu ni kwamba ni wewe mdogo wangu. Ni mwili wako mwenyewe ubongo umeukosea jina.

Sura anayovaa ndo inatoka nyumbani kwa mtu. Newfoundland, Kanada, wavuvi walisema ni bibi kizee anakuja kukaa kifuani. Wajapani wanaita kanashibari, yani umefungwa kwa vyuma. Misri ni jini. Kuna watafiti walilinganisha Wamisri na watu wa Denmark, 2013, Misri waliowahi kukabwa walikuwa 44 katika 100 na Denmark 25, na Wamisri wakikabwa walikuwa wanakaa muda mrefu zaidi bila kuweza kujisogeza na wanaogopa kufa zaidi. Hii maana yake siyo kwamba Wamisri wana ubongo tofauti. Ukiamini kwamba ni jini lenye uwezo wa kukuua, unalala na hofu, hofu inakukatia usingizi, usingizi uliokatika unaleta jinamizi, na likija amigdala inakuwa na sababu mbili za kupiga king'ora.

Na sisi huku tunalo letu, na umri wako ulikuwa bado hujazaliwa ila waulize wakubwa. 1995, popobawa, yule shetani wa usiku. Lilianzia Pemba mwezi wa Februari likavuka Unguja, watu wakisema wamekabwa usiku, wamekandamizwa, wengine wamefanyiwa mabaya zaidi. Familia nzima zikawa zinalala nje, watu wamekusanyika wamewasha moto, wanakesha wanaongea maana kulala ndani peke yako ndo unamkaribisha. Nikilitazama kwa jicho la kazi yangu naona vitu viwili. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, watu wanalala kwa vipande, wanaamka daku, wanarudi kulala. Alafu hofu ikafanya watu wakeshe nje na kusinzia kwa kushtukashtuka. Yani dawa ndo ilikuwa inazalisha ugonjwa, kila anayekesha kumkwepa popobawa anajiandaa kukabwa kesho yake. Simaanishi kila kilichosemwa mwaka ule kilikuwa jinamizi, kulikuwa na mambo mengi, na uchaguzi wa kwanza toka vyama vingi virudi ulikuwa unakuja. Ila yale ya kukabwa na uzito kifuani, nayatambua kama ninavyoitambua ile ngazi yangu.

Lile la maabara nililokuahidi ni hili. Mwaka 1992 watafiti wa Kijapani waliwachukua watu wakawalaza, wakawa wanawaamsha usiku kwa mahesabu maalumu, wanawaweka macho kidogo, alafu wanawaruhusu walale tena, lengo ni waingie moja kwa moja kwenye usingizi wa ndoto bila kupitia ule mzito. Wakakabwa. Siyo wote, lakini walikabwa, na mashine zinachora: ubongo uko macho, kidevu tambarare. Hakukuwa na shangazi kwenye lile jengo.

Sasa angalia ratiba yako wewe. Lindo usiku kucha, unatoka asubuhi, saa 1 na nusu uko kitandani. Saa ya mwili, ile ya ndani, inausukuma usingizi wa ndoto kwa nguvu zaidi alfajiri na asubuhi, ndo saa zake. Kwahiyo we unapolala ndo mlango wa ndoto uko wazi kabisa, unadumbukia humo haraka. Alafu ni mchana, bodaboda zinapita, bati limepata moto, jirani kawasha redio, unashtushwa katikati ya ndoto. Ni kile kile walichofanya Wajapani ila we unafanyiwa bure kila siku toka mwezi wa tatu. Sijui kama mwezi wa tatu ndo ulianza lindo la usiku au ndo ulihamia hicho chumba, ila kumbuka vizuri, ningekuwa na hela ya kubeti ningeweka hapo.

Cha kufanya. Lala ubavu. Jinamizi linapenda mtu aliyelala chali, hili limeonekana tena na tena. Kama unajigeuza usingizini, chukua soksi, tia kampira kadogo au matambara uyakaze, shonea nyuma ya fulana katikati ya mgongo, ukigeuka chali inakuchoma unarudi mwenyewe. Inachekesha lakini inafanya kazi. Chumba kiwe giza, hata ukibandika kanga mbili dirishani, na masikioni pamba. Saa ya kulala iwe moja hata siku ya ofu, hapa najua nakuomba kitu kigumu maana siku ya ofu ndo mtu anataka kukaa na watoto mchana, basi angalau usingizi wa kwanza masaa manne usiuhamishe. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu mnavyokunywa lindoni saa 10 alfajiri, acha, mwisho saa 7 usiku. Mirungi hivyo hivyo, na pombe ya kutafutia usingizi ndo mbaya kabisa, inauzuia usingizi wa ndoto masaa ya mwanzo alafu unarudi kwa kasi baadae.

Likija lenyewe, usipigane. Najua ni rahisi kuandika. Ila ukisukuma mwili mzima unaongeza zile nakala zisizo na majibu, unamnenepesha yule mtu. Peleka akili kwenye kitu kidogo cha mwisho wa mwili, kidole cha mguu au ulimi, kitikise hicho tu. Zungusha macho, hayajafungwa. Pumua zile fupi fupi ulizonazo, usidai kubwa. Jisemee moyoni hili ni komeo, linafunguka. Kama ni mtu wa dua soma dua, kama ni Ayatul Kursiyyu soma, kama ni Baba Yetu sali, mimi sina ugomvi na hilo hata kidogo, kitu unachokijua kwa moyo kinashusha hofu na hofu ikishuka linaisha mapema.

Hospitali nenda kama kuna haya: mchana unasinzia ghafla hata ukiwa umesimama au unaongea, au ukicheka sana magoti yanalegea unataka kuanguka, hiyo inaweza kuwa narkolepsi na ina dawa. Au mke wako anasema unakoroma alafu pumzi inasimama kabisa unashtuka. Au unajikojolea, unauma ulimi, unaamka mwili unauma, hiyo tunawaza kifafa cha usiku. Au kuna jambo zito ulipitia, labda mlivamiwa lindoni, na linarudi rudi kichwani, hilo nalo linaleta jinamizi na linatibika kwa kuongea na mtu aliyesomea. Bila hayo huhitaji kidonge chochote na usiende kununua vya usingizi dukani.

Haya, shangazi. Nimesema kwa kirefu hivyo ili nifike hapa. Mganga kakuambia ni mtu wa ukoo na we ukamwona shangazi, na ninavyojua mimi hii nchi, mara nyingi anakuwa mwanamke, mtu mzima, anaishi peke yake au mumewe kafa. Wameshauawa wangapi kwa maneno ya namna hiyo, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni watu wakasema ndo dalili. Sikwambii uache imani yako, wala sijui kila kilichopo chini ya jua. Lakini hiki kimoja nakijua: kile kivuli kilikuwa kinafuata mkao wa yule binti wa Geneva, na chako kinafuata ratiba yako ya lindo. Jipime mwenyewe, chukua daftari, wiki tatu andika ulilala saa ngapi, ulilala mkao gani, ulikabwa au hapana. Kama ni shangazi atakuja pia siku umelala ubavu masaa saba kwenye chumba cha giza. Na usisubiri wiki tatu kwenda kumsalimia, nenda jumapili hii. Huna haja ya kumweleza chochote, peleka sukari.

Umeuliza mke wako afanye nini. Mkubaliane leo mkiwa macho. Mwambie ukikabwa utakuwa unatoa mgumio wa puani au pumzi itakuwa ya haraka haraka na macho yako nusu, asipige kelele, asiwashe taa ya usoni, asikutikise mabega kama anazima moto. Akushike kidole gumba cha mguu akivute kidogo na akuite jina lako la nyumbani, sauti ya kawaida. Mguso wa mtu mwingine ni kitu ambacho ubongo haukukitabiri, kwahiyo unaamka. Akishafanya hivyo usilale tena hapo hapo maana utarudi kwenye ndoto ile ile, kaa kitako dakika kumi, kunywa maji, alafu lala ubavu mwingine.